Kununua na kubadilisha modemu ya intaneti ya nyumbani mjini Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wakazi wa Dodoma na maeneo ya jirani ambao modemu zao zimeharibika au zimezeeka, na kwa wale ambao ndio kwanza wanaingiza intaneti nyumbani. Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya majumbani, na mara nyingi hukutana na mtu aliyekwisha kulipia kifaa kizuri ambacho hakiwezi kufanya kazi katika nyumba yake. Jambo hilo huniuma, kwa sababu hasara yake inaepukika mtu akitazama kitu kimoja kabla ya kutoa fedha: ni waya gani unaoingia ndani ya nyumba yake, na kama hakuna waya, ni mtandao gani wa simu unaofika hapo kwa nguvu.

Modemu na ruta ni kitu kimoja?

Ni kazi mbili tofauti, ingawa siku hizi mara nyingi huwekwa ndani ya boksi moja. Modemu hupokea mawimbi kutoka kwa mtoa huduma na kuyageuza yawe taarifa ambazo kompyuta inazielewa. Ruta huigawa intaneti hiyo kwa simu, runinga na kompyuta za humo ndani, kwa kebo au kwa Wi-Fi. Ukitaka mfano wa karibu, modemu ni mita ya maji ya DUWASA pale getini, na ruta ni mabomba yanayopeleka maji jikoni na bafuni. Ukibadilisha mabomba yote ya ndani, mita hujaigusa. Ndiyo maana mtu anaweza kununua ruta ya gharama kubwa na kasi ikabaki ile ile.

Nitajuaje nyumba yangu inatumia laini ya aina gani?

Geuza boksi ulilo nalo sasa utazame waya unaoingia nyuma yake, ukiacha ule wa umeme.

Ukiona waya mwembamba, mara nyingi mweupe au mweusi, wenye kichwa cha mraba cha plastiki cha rangi ya kijani au bluu, hiyo ni faiba. Ndani yake mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kifaa kinachoupokea kwa Kiingereza huitwa ONT au ONU, ingawa wateja wengi humu mjini hukiita ruta tu. Ukiona waya bapa wenye kichwa kidogo cha plastiki angavu kinacholia "klik" kikiingia, kama kile cha simu ya mezani, hiyo ni laini ya shaba ya simu, na modemu yake ni ya ADSL. Laini za namna hii unaweza kuzikuta katika nyumba za zamani. Ukiona waya mnene wa duara wenye kichwa cha chuma cha kuzungusha kama nati, na katikati yake sindano ya shaba, huo ni waya wa koaksia, ambao ndio wa modemu za kebo. Na kama hakuna waya wowote isipokuwa wa umeme, bila shaka ndani ya boksi mna laini ya simu ya mkononi (SIM kadi), na intaneti yako inatoka kwenye mnara.

Piga picha ya nyuma ya boksi pamoja na stika yake ya chini kabla ya kwenda dukani. Picha hiyo itamsaidia muuzaji kuliko maelezo marefu.

Ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia modemu ya kebo mpya kabisa. Naweza kuitumia hapa?

Kwa sehemu kubwa, hapana, na ningependa kueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa swali hili huja na uchungu wa mtu aliyeletewa zawadi.

Mama mmoja wa Ilazo aliniita nimfungie modemu aliyotumiwa na mwanawe anayeishi Chicago. Tuliifungua juu ya meza ya chakula ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Nyuma yake palikuwa na tundu moja la duara la kuzungushia waya wa koaksia, tundu moja la kebo ya mtandao, na tundu la adapta. Ukutani kwake, nyuma ya kabati la runinga, ulining'inia waya mweupe wa faiba wenye kichwa cha kijani. Aliushika huo waya kwa mkono mmoja na modemu kwa mkono wa pili, akaniuliza kama kuna kiunganishi kinachouzwa mjini. Nilimjibu kwamba hakipo, kwa sababu kinachotofautiana si umbo la vichwa peke yake. Modemu ya kebo inafuata kanuni za DOCSIS, zilizotungwa na taasisi ya CableLabs ya Marekani miaka ya 1990 ili intaneti ipite katika nyaya za televisheni za shaba. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2006 na la 3.1 mwaka 2013. Faiba ya majumbani kwa kawaida hufuata kanuni nyingine kabisa, ziitwazo GPON, ambazo hutumia mwanga.

Hata katika nchi zenye mitandao ya kebo, mtoa huduma ni lazima aisajili modemu yako kwa namba yake ya MAC, yaani namba tambulishi ya kifaa, ndipo ifanye kazi. Tena modemu za Marekani hutumia chaneli zenye upana wa MHz 6, ilhali mfumo wa Ulaya umejengwa juu ya MHz 8.

Maandishi mengi ya mtandaoni yanayomhimiza mtu anunue modemu yake aache kulipia ya kukodi yameandikwa kwa ajili ya Wamarekani. Kule, kampuni za kebo huwatoza wateja kodi ya kifaa kila mwezi, kiasi kwamba Desemba 2019 ilipitishwa sheria inayozikataza kumtoza mtu kodi ya kifaa ambacho hazikumpa. Ni ushauri mzuri kwa mahali pake. Mimi binafsi sijawahi kufunga modemu ya kebo katika nyumba yoyote ya Dodoma. Ikiwa mtaa wako una kampuni ya televisheni ya waya inayouza pia intaneti, iulize kwanza ni modemu gani inazikubali, na uombe jibu kwa maandishi.

Kama bado unataka kuletewa kifaa kutoka nje, omba uletewe ruta tupu, yaani ile yenye tundu lililoandikwa WAN linalopokea kebo ya kawaida ya mtandao. Hiyo hufanya kazi popote duniani, ilimradi stika ya adapta yake imeandikwa volti 100–240. Adapta iliyoandikwa 120 pekee itaungua ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230.

Waya wa dishi la televisheni unafanana na wa modemu ya kebo. Siwezi kuuchomeka humo?

Vichwa vyao vinafanana kweli, na vinaingiana bila shida, lakini waya wa dishi unaleta mawimbi ya setilaiti kutoka juu ya paa hadi kwenye king'amuzi. Upande wa pili wake hakuna mtoa huduma wa intaneti. Zaidi ya hayo, king'amuzi hupeleka umeme kwenye dishi kupitia waya huo huo, wa volti 13 au 18, kwa hiyo usiuchomeke kwenye kifaa kingine chochote.

Nina faiba. Naweza kununua kifaa changu badala ya kile cha kampuni?

Hapa tofautisha ile kazi ya modemu na ile ya ruta. Kifaa cha faiba hutambuliwa na mtambo wa kampuni kwa namba yake tambulishi, na namba hiyo isipoingizwa kwenye mfumo wao, mwanga utafika lakini intaneti haitafunguka. Kwa sababu hiyo sikushauri ununue kifaa cha faiba kwa mtu binafsi au cha mtumba, hata kama ni cha aina ile ile uliyonayo. Kikiharibika, chako ni kuripoti kwa mtoa huduma ili akibadilishe na kusajili namba mpya. Kabla hajaondoka, muulize fundi wao kama kifaa hicho ni mali yako au umeazimwa, kwa maana wengi hawajui, nao hushtuka wanapohama nyumba na kudaiwa kukirudisha.

Ruta, kwa upande mwingine, unaweza kununua uitakayo. Unachomeka kebo kutoka kwenye kifaa cha faiba hadi tundu la WAN la ruta yako, na Wi-Fi inatoka kwenye ruta mpya. Ukifanya hivyo, zima Wi-Fi ya boksi la zamani, la sivyo mitandao miwili itagombana ndani ya sebule moja. Mafundi wengine hupenda kumwomba mtoa huduma aligeuze boksi lake libaki modemu tupu, kisha jina la mtumiaji na nywila ya laini viingizwe kwenye ruta. Njia hiyo ni nzuri, ila hakikisha hizo taarifa mbili umeziandika mahali, kwa sababu siku ruta ikifutwa mipangilio, bila hizo hutarudi hewani.

Angalia pia matundu ya kebo. Ruta za bei nafuu zina matundu yanayoishia Mbps 100. Kama kifurushi chako ni cha Mbps 20 au 50, huna sababu ya kulipia zaidi. Kama umelipia kifurushi kinachopita 100, nunua ruta yenye matundu ya gigabiti.

Intaneti imekatika na taa nyekundu inawaka. Je, modemu imekufa?

Mara nyingi haijafa. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake ni kwamba mwanga haufiki kwenye kifaa, na tatizo kwa kawaida liko kwenye waya: umekunjwa sana nyuma ya kabati, umekanyagwa na mguu wa kochi, umetafunwa na panya, au umekatwa barabarani na wanaochimba mitaro. Kioo hakivumilii kona kali. Mtu akiuzungusha waya wa faiba kwenye msumari kama anavyofanya kwa waya wa umeme, mwanga huvuja pale pale kwenye kona. Usiuchomoe ukachungulia ncha yake, kwa sababu mwanga uliomo hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Fundi wa kampuni akija, mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye mashine yake. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa dBm, na namba ya hasi ikizidi kuwa kubwa, mwanga ni dhaifu zaidi. Vifaa vingi vya GPON huhitaji nguvu isiyokuwa dhaifu kuliko −27 dBm au karibu na hapo, na mimi mwenyewe sipendi kuondoka kwa mtu kipimo kikisoma dhaifu kuliko −25, kwa kuwa vumbi kidogo tu kwenye kichwa cha waya litaiangusha laini hiyo baadaye.

Taa zote zinawaka vizuri, lakini mtandao hukatika kila jioni. Ninunue mpya?

Pima adapta kwanza. Nyumba moja ya Kisasa walikuwa wamekwisha kuchagua ruta mpya dukani na walikuwa wakisubiri mshahara. Nilichukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima adapta ya zamani ikiwa haijachomekwa kwenye ruta: volti 12, sawasawa kama stika inavyosema. Kisha nikaipima ikiwa imebeba mzigo, watoto watatu wakitazama video kwa pamoja, na namba zikashuka hadi 9 na pointi kadhaa, ruta ikajizima na kujiwasha mbele ya macho yetu. Adapta ilikuwa imechoka. Tulibadilisha hiyo peke yake, na ruta ile ile bado inawahudumia.

Unaponunua adapta, volti ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye stika ya kifaa, ampea ziwe sawa au zaidi, kichwa kiingie bila kulegea, na alama ya chanya na hasi ifanane. Ukikipa volti 12 kifaa cha volti 9, unaweza kukiua.

Ikiwa adapta ni nzima, gusa boksi. Dodoma ina vumbi jingi na upepo mkali katika miezi ya kiangazi, na vumbi hilo huziba matundu ya hewa ya kifaa. Halafu tuna desturi ya kufunika kila kitu cha sebuleni kwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni kizuri, naye aliyekifuma alikaa nacho kwa siku nyingi, lakini ruta inahitaji kupumua. Kiweke chini yake, si juu yake.

Umeme ukikatika, intaneti inakatika pia. Kuna namna?

Ipo, na haihitaji jenereta. Kuna betri ndogo maalumu za ruta zinazotoa volti 9 na 12, ambazo hukaa kati ya adapta na boksi na kushika kazi bila kuchelewa umeme unapokwenda. Usiridhike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha, piga hesabu. Betri ya mAh 8,800 kwa volti 3.7 ina nguvu ya takribani saa-wati 32. Toa kama asilimia 15 inayopotea katika kugeuza volti, ubaki na 27 hivi. Ruta inayokula wati 8 itaishi kwa saa tatu na kidogo. Ikiwa una kifaa cha faiba na ruta pembeni, vyote viwili vinahitaji umeme, kwa hiyo muda huo utapungua karibu nusu. Faida nyingine ya betri hii ni kuikinga ruta na ule mshtuko wa umeme unaporudi ghafla.

Kwangu hakuna faiba. Nataka ruta ya laini ya simu. Nichunguze nini?

Kabla ya yote, pima mtandao kwa simu yako ukiwa ndani ya nyumba, saa za jioni ambapo watu wengi wako hewani. Azima laini za majirani za kampuni mbalimbali, kwa kuwa mtandao unaovuma Makole unaweza kuwa dhaifu Iyumbu au Nkuhungu.

Kisha tazama masafa ya mawimbi ambayo kifaa kinayapokea. Mitandao ya 4G nchini hutumia, pamoja na mengine, masafa ya MHz 800 na 1800, ambayo katika orodha za vifaa huandikwa B20 na B3. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kampuni za Marekani kinaweza kukosa B20 kabisa. Kitawaka, kitasoma laini, halafu kitatafuta mtandao bila mwisho. Kuhusu 5G, Vodacom ndiyo iliyoanza nchini Septemba 2022, na nyingine zikafuata, lakini haijafika kila mtaa. Usilipie ruta ya 5G kabla hujaiona alama yake kwenye simu ukiwa nyumbani kwako.

Uliza pia kama kifaa kimefungwa kwa kampuni moja. Ruta zinazouzwa na kampuni za simu mara nyingi hukubali laini zao tu, jambo ambalo halina ubaya kama mtandao wao ni mzuri kwako, ila bei yake isilinganishwe na ya kifaa kilicho huru.

Ruta ya laini ya simu ina namba ya IMEI kama simu ya mkononi, na namba hiyo huandikwa kwenye stika ya chini. Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia tarehe 16 Juni 2016, na unaweza kuhakiki IMEI kwa kuituma kwenda 15090. Fanya hivyo ukiwa bado dukani. Laini yenyewe isajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho chako cha NIDA. Usikubali ruta inayokuja na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua.

Vifaa vya mtumba vinafaa?

Ruta tupu ya mtumba inafaa ukiijaribu kabla ya kulipa. Kifaa cha faiba cha mtumba, hapana, kwa sababu niliyoieleza. Ruta ya laini ya simu ya mtumba, inunue tu kutoka kwa mtu utakayempata kesho.

Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma. Ninunue ruta kubwa zaidi?

Anza kwa kuihamisha uliyonayo. Ruta iliyowekwa sakafuni nyuma ya runinga, katika kona ya nyumba ya tofali za saruji, haiwezi kufika mbali hata ikiwa na antena nane. Iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na friji na kabati la chuma. Kumbuka kwamba masafa ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, na yale ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka.

Isipotosha, vuta kebo ya mtandao hadi upande wa pili na uweke ruta ya pili ya bei nafuu huko. Ripita zisizo na kebo, yaani vifaa vinavyopokea Wi-Fi na kuirusha tena, hupunguza kasi, na mimi huzifunga pale tu ambapo mwenye nyumba hataki kabisa kutoboa ukuta.

Nimeshafunga kifaa kipya. Nifanye nini kabla ya kukitumia?

Fungua ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyo kwenye stika, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ubadilishe nywila ya kuingilia humo, na si ile ya Wi-Fi pekee. Chagua ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila), na sasisha programu ya kifaa. Usibonyeze kile kitufe kidogo cha kufuta mipangilio kwa sababu tu mtandao umepungua kasi. Kinaondoa pia taarifa za laini yako.

Radi inaweza kuharibu modemu?

Ndiyo, hasa kupitia laini ya shaba na waya wa umeme. Kati ya Desemba na Aprili, mawingu yakifunga, chomoa vyote viwili. Uzi wa kioo wa faiba haupitishi umeme, lakini waya unaotoka nguzoni hadi nyumbani mara nyingi huwa na uzi wa chuma wa kuubeba. Hakikisha chuma hicho kimeishia nje, kwenye ndoano ya ukutani, na hakikuingizwa ndani.

Nimeuziwa kifaa kibovu au mtoa huduma hanisikilizi. Niende wapi?

Dai risiti ya EFD siku ya kununua, na uandikiwe muda wa dhamana. Kwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kwa upande wa huduma, peleka lalamiko kwanza kwa mtoa huduma na upewe namba ya kumbukumbu. Asipolitatua, lipeleke TCRA ukiwa na namba hiyo, tarehe, na picha za taa za kifaa. Nimeona lalamiko lenye namba na tarehe likijibiwa, na lenye hasira peke yake likikaa.

Boksi la zamani nilifanyie nini?

Kama ni la mtoa huduma, lirudishe na udai hati ya kupokelewa. Kama ni lako na bado zima, futa mipangilio yote kwa kushikilia kitufe cha nyuma kwa sekunde 10 hivi hadi taa zizime na kuwaka upya, kwa sababu ndani mna nywila zako, kisha umpe mtu au ulitumie kama ruta ya pili. Adapta iliyo nzima usiitupe. Andika volti zake kwa kalamu ya wino mzito, uiweke kwenye droo.